Sura ya Tano: Mchezo wa Redio na Sikio la Jirani

Mchezo wa redio, kwa maana itakayotumika katika sura hii, ni hadithi inayoigizwa kwa sauti za watu kadhaa, ikasindikizwa na muziki na milio ya mazingira, na kurushwa hewani kwa wasikilizaji wasioona jukwaa wala nyuso za waigizaji. Upo mchezo unaoanza na kumalizika katika kipindi kimoja, na upo ule wa mfululizo, unaoendelea wiki hadi wiki, pengine kwa miaka, wahusika wake wakioana, wakigombana, wakiugua na kuzeeka kadiri kalenda ya wasikilizaji wenyewe inavyosonga. Sura hii inashughulika zaidi na aina ya pili, kwa kuwa ndiyo ambayo serikali, mashirika ya afya na taasisi za amani zimeikimbilia kwa matumaini makubwa, na ndiyo ambayo imepimwa kwa uangalifu wa pekee hapa Afrika Mashariki na katika eneo la Maziwa Makuu. Hoja inayotetewa ni kwamba nguvu ya mchezo wa redio haimo hasa katika kubadilisha kile ambacho msikilizaji mmoja mmoja anakiamini moyoni, bali imo katika kubadilisha kile anachodhani kwamba wenzake wanakiamini, wanakiruhusu na wanakitenda. Na kwamba nguvu hiyo, kwa kuwa hupita katika mazungumzo ya watu, huweza kujenga na huweza kubomoa.

Fikra iliyozoeleka ni tofauti na hiyo. Kwa miaka mingi wasomi na wanasiasa waliichukulia redio kuwa kama sindano, inayoingiza ujumbe katika damu ya msikilizaji naye akabaki bila uwezo wa kuukataa, na ushahidi waliopenda kuutaja ni mchezo uliorushwa na kampuni ya CBS nchini Marekani usiku wa tarehe 30 Oktoba 1938. Usiku huo Orson Welles na kundi lake la Mercury Theatre waliigiza riwaya ya H. G. Wells kuhusu uvamizi wa viumbe kutoka sayari ya Mars, wakitumia mtindo wa taarifa za dharura zinazokatiza muziki, na kesho yake magazeti yakaandika kwamba taifa zima lilikuwa limeshikwa na taharuki. Mwaka 1940 mwanasaikolojia Hadley Cantril alichapisha kitabu kuhusu hofu hiyo, na tangu hapo kisa hicho kimekuwa kikisimuliwa vyuoni kama uthibitisho wa uwezo wa redio wa kuwatia watu wazimu. Ukweli ni mdogo kuliko hadithi. Kampuni ya C. E. Hooper, iliyokuwa ikipima usikilizaji kwa kupiga simu katika kaya zipatazo 5,000 usiku uleule, ilikuta kwamba asilimia 2 tu ya waliojibu walikuwa wakisikiliza kipindi cha Welles, na watafiti wa siku hizi, hasa Jefferson Pooley na Michael Socolow, wameonyesha kwamba magazeti, ambayo redio ilikuwa ikiyanyang'anya matangazo ya biashara, yaliikuza hofu hiyo kupita kiasi. Jambo lenye uzito zaidi kwa mjadala huu ni kwamba, hata katika kitabu cha Cantril mwenyewe, wamo watu waliofungua redio baada ya kuambiwa na jamaa au rafiki aliyekwisha kutishika, yaani waliisikia redio kupitia hofu ya mtu wanayemwamini.

Ili kuelewa kwa nini jirani ana nafasi kubwa kiasi hicho, inafaa kutazama namna mchezo unavyofanya kazi sikioni. Sauti humwachia msikilizaji sehemu ya kazi ya mtunzi. Breki za lori zinalia, mlango wa gari unabamizwa, glasi zinagongana, mtu anacheka kwa mbali na mwingine anaagiza bia nyingine kwa sauti ya mlevi. Sekunde kumi hazijapita na baa nzima imeshasimama mbele ya msikilizaji, ikiwa na meza zake, taa zake na watu wake. Baa hiyo si ya mtayarishaji wa kipindi. Msikilizaji wa Makambako huijenga kwa mbao na mabati ya baa anayoipita kila jioni, na msikilizaji wa Segera huijenga kwa ya kwao, na kwa hiyo mhusika anayeingia humo huingia akiwa tayari ni mtu wa mahali pale, anayefanana na fulani. Televisheni, kwa uzuri wake wote, humwonyesha mtazamaji baa ya watu wengine.

Mfululizo huongeza kitu ambacho hotuba na tangazo la dakika moja haviwezi kukipata, nacho ni muda wa kusubiri. Kipindi hukatwa pale utamu ulipokolea, mke akiwa ameshika barua asiyopaswa kuiona, na siku tatu au nne zinazofuata hubaki mikononi mwa wasikilizaji, ambao huzijaza kwa kubashiri, kulaumu na kutetea, iwe kijiweni, kisimani, kwenye kiti cha kinyozi au shambani wakati wa palizi. Katika nyumba nyingi za vijijini redio ilikuwa moja, mara nyingi mali ya baba, ikiwekwa mahali ambapo kaya nzima na majirani wawili watatu wangeisikia. Kila aliyesikiliza alijua pia nani mwingine amesikiliza. Hali hiyo, ambayo wataalamu huiita maarifa ya pamoja, maana yake kila mtu anajua jambo na anajua kwamba wenzake nao wanalijua, ndiyo inayolifanya suala lililokuwa la aibu liwe suala linaloweza kutajwa.

Mtu aliyeupa utaratibu huu muundo wa kitaalamu ni Miguel Sabido, mwongozaji na mtayarishaji wa televisheni wa Mexico. Sabido alivutiwa na tamthilia ya Simplemente María, iliyotikisa Peru mwaka 1969 na kusambaa Amerika ya Kilatini, ikisimulia maisha ya msichana wa kijijini aliyekwenda mjini kufanya kazi za ndani, akajifunza kusoma na kushona, akapanda daraja la maisha. Na jambo lililomshangaza ni kwamba wasichana wengi walijiandikisha kwenye madarasa ya kusoma na ya ushonaji, ingawa mchezo huo haukutungwa kwa ajili ya kuelimisha. Alijiuliza kama tokeo hilo lingeweza kupatikana kwa makusudi. Alichukua nadharia ya Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, inayosema kwamba binadamu hujifunza mengi kwa kuwatazama wenzake na kuona matendo yao yanawafikisha wapi, akaigeuza kuwa kanuni ya utunzi: mchezo uwe na wahusika wa kuigwa, wahusika wa kukemewa, na kati yao wahusika wanaoyumba, wenye nia njema na udhaifu wa kawaida, ambao msikilizaji atasafiri nao wanapoanguka na kuinuka. Wahusika hao wa kati ndio roho ya njia yake, kwa sababu mtu mwema tangu mwanzo humfanya msikilizaji ajione mdogo, na mwovu kabisa humfanya ajione salama.

Njia hiyo iliingia Afrika Mashariki kupitia shirika la Population Communications International la New York, lililoongozwa na David Poindexter, na matunda yake ya kwanza yalionekana Kenya mwaka 1987, pale Sauti ya Kenya iliporusha tamthilia ya televisheni iliyoitwa Tushauriane na mchezo wa redio ulioitwa Ushikwapo Shikamana. Miaka sita baadaye ilifika Tanzania, na huko ndiko ilikopata mtihani wake mkubwa.

Twende na Wakati ulianza kurushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam mwezi Julai 1993, mara mbili kwa wiki, kila kipindi kikiwa cha nusu saa, kwa msaada wa shirika hilo la New York na Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Idadi ya Watu. Wasikilizaji hawakuhitaji kufundishwa namna ya kufuatilia mchezo, kwa maana masikio yao yalikwisha kuzoezwa na vichekesho kama Pwagu na Pwaguzi, lakini safari hii jambo lililokuwa mezani halikuwa la kuchekesha. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikuwa wametambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia mwaka 1986 ugonjwa ulikuwa umeripotiwa katika mikoa yote ya Bara. Hata hivyo vijiweni herufi za jina lake la Kiingereza zilikuwa zimepewa kirefu cha utani, Acha Iniue Dogodogo Siachi, utani uliobeba msimamo mzima wa maisha: kifo kipo, starehe haiachwi, na anayeonya anajisumbua. Hakuna bango la Wizara ya Afya lililoweza kushindana na utani wa namna hiyo, kwa sababu bango linatoka serikalini na utani unatoka kwa rafiki.

Mhusika aliyevuta masikio kuliko wote alikuwa Mkwaju, dereva wa lori la masafa marefu, mlevi na mpenda wanawake, mwenye mke nyumbani na wapenzi kwenye vituo vya njiani. Watunzi hawakumwadhibu upesi. Walimwacha aendelee kung'aa, akitoa fedha, akisifiwa na wenzake, mpaka msikilizaji ambaye huenda alikuwa na mjomba au utingo wa aina ileile akamzoea, ndipo taratibu virusi vikaingia katika maisha yake na afya yake ikaanza kudhoofika. Mkewe, Tunu, ndiye aliyepewa mwendo wa mhusika anayeyumba: alianza kama mwanamke anayevumilia kila kitu kwa sababu ndivyo alivyofundwa, akajifunza kidogo kidogo kwamba angeweza kuondoka, akaondoka, na akaanzisha biashara ndogo ya kuwalea wanawe. Uamuzi wa kumpa Tunu muda mrefu wa kusitasita ulikuwa wa busara kubwa, kwani mwanamke anayeondoka siku ya pili ni hadithi ya mtu mwingine, na mwanamke anayejiuliza kwa miezi ni hadithi ya nyumba nyingi.

Kilichoutofautisha mradi huu na kampeni nyingine ni namna ulivyopimwa. Kituo cha Dodoma kilikuwa na uwezo wa kurusha vipindi vyake chenyewe, na watafiti wakiongozwa na Everett Rogers na Peter Vaughan, pamoja na wenzao wa Tanzania akiwemo Ramadhan Swalehe, walikubaliana na Radio Tanzania kwamba kwa miaka miwili ya kwanza Dodoma ingerusha vipindi vingine katika muda wa mchezo. Eneo lile likawa kile kinachoitwa kundi la ulinganisho, yaani watu wanaofanana na wengine katika mambo mengi isipokuwa hawajapata kitu kinachochunguzwa. Kaya zilihojiwa kabla ya mchezo kuanza na tena kila mwaka. Katika maeneo yaliyosikia mchezo, kiwango cha wanawake walioolewa waliokuwa wakitumia njia za uzazi wa mpango kilipanda kwa pointi 10 za asilimia katika miaka hiyo miwili, na Dodoma hakikupanda. Kisha, mchezo uliporuhusiwa kurushwa Dodoma kuanzia Septemba 1995, kiwango cha huko nacho kikapanda kwa pointi 16 kufikia mwaka 1997. Katika kliniki za Wizara ya Afya zilizofuatiliwa, takriban asilimia 41 ya wateja wapya wa uzazi wa mpango walieleza kwamba mchezo huo uliwasukuma, wakijumlishwa wale waliolitaja jina lake wenyewe na wale waliolichagua kwenye orodha.

Takwimu hizo zinahitaji tahadhari. Miaka hiyohiyo kulikuwa na michezo na matangazo mengine ya uzazi wa mpango, ukiwemo mchezo wa redio wa Zinduka!, na si rahisi kuigawa sifa ya mabadiliko kwa kila kampeni. Zaidi ya hapo, mtu anayeulizwa na mgeni mwenye daftari kama amebadili tabia zake za ngono huwa anajua jibu linalotarajiwa. Ndiyo maana asilimia 82 ya wasikilizaji waliosema mwaka 1995 kwamba wamechukua hatua ya kujikinga na VVU kwa sababu ya mchezo haiwezi kusomwa kama idadi ya watu waliojikinga kweli. Lakini hata baada ya kuondoa chumvi hiyo, kupanda kwa Dodoma baada tu ya kufunguliwa mawimbi ni ushahidi mgumu kuupuuza.

Lililo muhimu zaidi ni njia ambayo mabadiliko hayo yalipitia. Watafiti walikuta kwamba wasikilizaji walizungumza zaidi na wenzi wao kuhusu idadi ya watoto, na kwamba waliongezeka walioona kuwa suala la ukubwa wa familia linaamuliwa na mume na mke na si majaliwa peke yake. Hapa ndipo tafsiri ya sura hii inapoingia. Ni vigumu kuamini kwamba wanawake wa Tanzania walihitaji redio iwaambie kwamba mimba zinazofuatana zinachosha mwili. Walilijua hilo kuliko mtunzi yeyote. Walichokikosa ni namna ya kulitamka mbele ya mume bila kuonekana wamekosa adabu. Tunu aliposikika sebuleni au barazani, mume akiwa amekaa palepale, mke aliweza kusema kwamba Tunu anateseka, na mume akajibu kuhusu Tunu, na wote wawili wakajua wanazungumza habari gani. Mchezo ulimpa mke mtu wa tatu wa kumsemea, na ulimpa mume nafasi ya kulegeza msimamo bila kuonekana ameshindwa. Zaidi ya hayo, wote walijua kwamba nyumba ya pili nayo inamjadili Tunu usiku uleule, na kwa hiyo jambo hilo halikuwa tena uasi wa nyumba moja.

Mwezi uleule wa Julai 1993, upande wa pili wa mpaka wa magharibi, kituo kingine kilianza kurusha matangazo. Radio Télévision Libre des Mille Collines ya Rwanda, maarufu kwa kifupi RTLM, haikuwa kituo cha michezo ya kuigiza, lakini iliazima zana nyingi za mchezo: watangazaji waliozungumza kama watu wa kijiweni, mizaha, nyimbo, na msikilizaji kuitwa kwa lugha ya nyumbani. Kituo hicho kilichochea mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, na tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani waasisi wake wawili, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura, Hassan Ngeze. Wanazuoni wanabishana kuhusu ukubwa wa athari yake. Mwanauchumi David Yanagizawa-Drott alikadiria mwaka 2014 kwamba takriban asilimia 10 ya ushiriki katika mauaji ulitokana na matangazo hayo, ilhali mtaalamu wa sayansi ya siasa Scott Straus ametahadharisha kwamba wauaji wengi waliingizwa na watu waliokuja mlangoni na si na redio. Mitazamo hiyo miwili haigongani sana kama inavyoonekana, kwa sababu katika hesabu za Yanagizawa-Drott mwenyewe, ghasia za wanamgambo ziliongezeka hata katika vijiji jirani na vile vilivyosikia kituo vizuri: redio ilifika kwa baadhi, na watu wakafikisha kwa wengine.

Kwa hiyo ilihitaji ujasiri kwa shirika la Uholanzi la Radio La Benevolencija kuirudia redio ileile, nchini humohumo, mwaka 2004, kwa mchezo wa mfululizo wa Kinyarwanda ulioitwa Musekeweya, yaani Mapambazuko Mapya. Mchezo huo, uliojengwa juu ya utafiti wa mwanasaikolojia Ervin Staub kuhusu namna chuki ya makundi inavyokua hatua kwa hatua, haukuweza kutaja Wahutu na Watutsi, na badala yake ulisimulia habari za vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vinavyogombea bonde lenye rutuba lililo kati yao. Yupo Rutanagira, kiongozi anayechochea. Wapo Shema na Batamuliza, wapendanao waliotoka kila mmoja upande wake, ambao wanawakusanya vijana kukataa ugomvi wa wazee. Kila Mnyarwanda aliyesikiliza alijua vijiji hivyo ni vipi.

Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck aliuchunguza mchezo huo kwa mwaka mmoja, kati ya 2004 na 2005, kwa utaratibu ambao ni nadra kuonekana katika masuala mazito kama hayo. Jumuiya za aina mbalimbali, zikiwemo za wanakijiji wa kawaida, manusura wa mauaji, Watwa na wafungwa, ziligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi zikasikiliza Musekeweya kwa pamoja kwenye kaseti, na nyingine zikasikiliza mchezo mwingine, Urunana, unaohusu afya. Mwisho wa mwaka wasikilizaji wa Musekeweya hawakuwa wamebadili sana imani zao binafsi kuhusu chanzo cha chuki au thamani ya ndoa za mchanganyiko. Walichokuwa wamekibadilisha ni mtazamo wao juu ya yale yanayokubalika: walikuwa wepesi zaidi kukataa kwamba mzazi awaambie watoto waoe katika kundi lao tu, na wepesi zaidi kukataa kwamba mtu asiyekubaliana na jambo anyamaze.

Kipimo kizuri kuliko vyote hakikuwa swali la dodoso. Siku ya kufunga utafiti, kila kundi lilipewa zawadi ya redio kaseti moja na seti moja ya kanda za mchezo, likaachwa liamue lenyewe namna ya kuzitunza, huku watafiti wakiandika kilichosemwa. Katika makundi yaliyosikiliza mchezo wa afya, kwa kawaida mtu wa kwanza alipendekeza zawadi ikabidhiwe kiongozi wa eneo, wenzake wakaafiki, na mazungumzo yakaishia hapo. Katika makundi ya Musekeweya pendekezo hilohilo lilipotolewa, mtu alisimama akapinga. Mwingine akasema kaseti ni za kundi na si za kiongozi. Wakabishana, wakashauriana, na mara nyingi wakakubaliana kuzisimamia wenyewe kwa pamoja. Kwa nchi ambayo utiifu usiohoji amri ulikuwa sehemu ya chanzo cha msiba wa mwaka 1994, ubishi ule juu ya redio kaseti unastahili kuhesabiwa miongoni mwa matokeo makubwa kabisa yaliyowahi kuandikwa kuhusu mchezo wa redio. Watu wale hawakuwa wameamini mambo mapya. Walikuwa wamegundua kwamba inawezekana kusema hapana mbele ya wenzao na wasitengwe.

Lau historia ingekomea hapo, sura hii ingekuwa na habari njema tupu. Shirika hilohilo lilitayarisha mchezo mwingine mashariki mwa Kongo, safari hii kwa Kiswahili, ukiitwa Kumbuka Kesho, na kwa kuwa wataalamu walikuwa wameona thamani ya mazungumzo, katika baadhi ya maeneo mchezo ulifuatiwa na kipindi cha mjadala kilichowahimiza wasikilizaji kuzungumza juu ya waliyoyasikia, na katika maeneo mengine ukarushwa peke yake. Paluck alilinganisha maeneo hayo mawili na matokeo yake, aliyoyachapisha mwaka 2010, yaliwaumiza wengi waliofanya kazi hiyo kwa moyo safi. Waliosikia kipindi cha mjadala walizungumza zaidi, kama ilivyokusudiwa. Lakini pia walikuwa na uvumilivu mdogo zaidi, walikumbuka zaidi manung'uniko yao, na walipopewa mfuko wa chumvi kisha wakaombwa kuwagawia watu wa kundi wasilolipenda, walikuwa wazito zaidi kutoa.

Maelezo yenye nguvu zaidi ya tofauti hiyo yanapatikana katika hoja ileile iliyobebwa tangu mwanzo. Mchezo wa redio huwaonyesha watu kile ambacho wenzao wanakifikiri, lakini mara mjadala unapofunguliwa, wenzao halisi huchukua nafasi ya wahusika wa kubuni. Kivu, eneo hilo la mashariki mwa Kongo, ilikuwa bado vitani. Watu walikuwa na ndugu waliouawa na mashamba yaliyonyang'anywa, na walipoombwa kuzungumza walizungumza juu ya hayo. Msikilizaji aliyekuwa akidhani kinyongo chake ni cha kwake peke yake aligundua kwamba mtaa mzima unacho, na kinyongo kinachojulikana kuwa cha wote hupata uhalali ambao hakikuwa nao. Rwanda, ambako dola ilikuwa imara na sheria ilizuia maneno fulani, mazungumzo yalibaki karibu na hadithi. Kongo hadithi ilizidiwa.

Kuna jambo la zama hizi pia. Twende na Wakati ulianza wakati Radio Tanzania ilikuwa karibu peke yake hewani, sheria ya kuruhusu vituo binafsi ikiwa imepitishwa mwaka huohuo wa 1993, na kwa hiyo aliyesikia alijua kwamba nchi imesikia. Leo vituo vya FM ni vingi, na kijana husikiliza mchezo kwa simu, vipokea sauti vikiwa masikioni, saa anayoitaka, akiwa kitandani. Anaweza kuupenda kuliko babake alivyompenda Tunu, lakini hajui nani mwingine ameusikia, wala mama yake hapati nafasi ya kumjibu kupitia mhusika. Watayarishaji wanaojivunia idadi ya waliopakua vipindi wanahesabu masikio, na masikio yasiyojuana hayabadilishi desturi ya mtaa.

Kwa sababu hizo, vituo vya redio, wizara na wafadhili wanaoagiza michezo ya kuelimisha jamii wanapaswa kuweka masharti mawili kabla ya kurekodi kipindi cha kwanza. Watunzi wanaoishi na lugha na mitaa ya wasikilizaji wapewe mamlaka ya kweli juu ya hadithi, pamoja na muda wa kumwacha mhusika asitesite, hata kama ripoti ya mfadhili inadai matokeo ndani ya robo mwaka. Na kila mradi utenge fedha za kwenda kuwauliza wasikilizaji nyumbani kwao, pamoja na watu wa mahali ambapo mchezo haukufika, kama ilivyofanyika Dodoma, kisha majibu yachapishwe yote, hata yale yanayofanana na ya Kivu.